Maji ya Visima na Meno ya Watoto Wetu: Majibu kwa Wasomaji wa Nakuru na Kisumu

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinauliza habari ya jambo moja: floridi iliyomo katika maji ya visima vya Bonde la Ufa, na alama za kahawia inazoziacha kwenye meno ya watoto. Ni jambo la afya, bila shaka, ila halikomei kwa daktari. Linaingia jikoni, linaingia katika biashara ya maji, linaingia hata katika mahojiano ya kazi, na ndiyo sababu tumelipa safu nzima.

Swali: *Mimi ni mzaliwa wa Vihiga, nimeolewa Njoro. Kifungua mimba wangu alilelewa na nyanya yake huko nyumbani hadi alipotimiza miaka kumi, na meno yake ni meupe. Mdogo wake alizaliwa na kukulia hapa Njoro. Alipong'oa meno ya utoto, yale ya mbele yaliyoota yalikuwa na madoa ya kahawia, na sasa shuleni hufunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Mama mkwe anasema nilizembea kumsugua meno. Jirani anasema ni damu ya ukoo wa baba yao. Mimi huchemsha maji yote ya kunywa bila kukosa. Sasa nina mimba ya miezi saba na nina hofu kwamba yatatokea yale yale. Nifanye nini?* — Mama wa watoto wawili, Njoro

Jibu: Mama, kwanza tungependa mama mkwe wako asomewe mstari huu: hukuzembea. Hatuwezi kutoa hukumu ya daktari bila mtoto kuonekana, na ni vyema aonekane, lakini unayoyaeleza yanalingana na madhara ya floridi, na madhara hayo hayaletwi na kukosa mswaki wala hayarithiwi. Watoto wako ni wa baba mmoja na mama mmoja. Kilichowatofautisha ni maji waliyokunywa katika miaka yao ya kwanza.

Miamba ya Bonde la Ufa ilitokana na volkano, na mingi ina madini yenye floridi. Maji yanapokaa ardhini kwa muda mrefu huyayeyusha madini hayo kidogo kidogo, na kwa kuwa maji ya sehemu hizi yana magadi mengi na kalisiamu haba, floridi haipati cha kushikamana nacho ikatuama, bali hubaki majini. Huko Vihiga miamba ni ya aina nyingine, ya kale zaidi, na chemchemi zake kwa kawaida hazina tatizo hili. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita mwaka wa 1984, na kikomo hicho kingali kinatumika hadi leo. Katika Bonde la Ufa vimo visima vinavyokipita mara kadhaa, huku kisima cha jirani, kilichochimbwa kwa kina tofauti, kikiwa salama.

Jino la kudumu hujengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijaonekana. Yale ya mbele huanza kujengwa mtoto akiwa bado ananyonya, na miaka mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwao; meno mengine huendelea kujengwa hadi karibu miaka minane. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, tabaka gumu la nje huumbika likiwa na vitundu vidogo sana. Jino huota na mabaka meupe yasiyong'aa, kisha vitundu vile hufyonza rangi ya vyakula na vinywaji, na mabaka hugeuka kuwa ya kahawia. Kifungua mimba wako alipofika Njoro akiwa na miaka kumi, meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha kukamilika, kwa hiyo maji yale yale hayakuweza kuyatia doa. Mifupa, hata hivyo, haina umri wa kusalimika: mtu mzima akinywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi anaweza kupata maumivu na ukakamavu wa viungo.

Kuhusu kuchemsha, tafadhali usiache, kwa sababu kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Floridi lakini si kijidudu, wala haipandi na mvuke. Maji yakichemka muda mrefu hupungua na floridi hubaki, hivyo kila lita inayosalia huwa nayo nyingi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini haiiondoi, na vichujio vya kawaida vya mchanga au vya kauri haviiondoi.

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha, kwa maana tunapotaja maji tunafikiria gilasi na kusahau sufuria. Itazame sufuria ya githeri: maji huongezwa mara tatu au nne kabla mahindi hayajaiva, na kila yanapokauka, floridi yake huachwa katika chakula. Sisi tuliotoka magharibi tuna mazoea ya kutia magadi ili maharagwe yalainike upesi au mrenda uteleze, na magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi huwa na floridi yake yenyewe. Mtoto mdogo anayekula chakula hicho kila siku anaipata floridi mara mbili, ya maji na ya magadi. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji salama, na acha magadi mpaka watoto wakue. Chai iliyokolea nayo usimpe mtoto mdogo, kwa sababu majani ya chai hukusanya floridi kutoka udongoni.

Kwa mtoto anayekuja, tuna habari ya kukutuliza. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floridi nyingi. Mnyonyeshe bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita, kama wauguzi wa kliniki wanavyoagiza, na kwa miezi hiyo utakuwa umemkinga. Hatari huanza uji unapoingia, na huwa kubwa zaidi kwa mtoto anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji ya kisima.

Huna haja ya kubadilisha maji yote ya nyumbani. Ya kuoga, ya kufua na ya kupiga deki yabaki yale yale. Tenga tu maji ya kunywa na kupikia, na yakiwa machache, watangulize walio chini ya miaka minane. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Kila milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mabati la mita za mraba 30 likipata milimita 20 hutoa takriban lita 600, ukiondoa kiasi kinachomwagika. Acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga, funika tangi, na uyachemshe kabla ya kunywa. Mvua za masika zinapokwisha bila tangi kubwa la kuyahifadhi, utahitaji maji yaliyochujwa, na hayo tunayaeleza katika jibu la mwisho.

Swali: *Ninaishi Nyalenda, Kisumu, na tunatumia maji ya mfereji kutoka ziwani. Dada yangu aliye Nakuru ameniambia kwamba floridi ndiyo iliyoharibu meno ya wanawe. Juzi nimesoma kwenye dawa ya meno tunayotumia kwamba ina floridi, nikaitupa na kuwaagiza watoto watumie chumvi. Nimefanya vyema?* — Baba Kisumu

Jibu: Bwana, hofu yako ina msingi, ila nunua dawa nyingine ya meno leo. Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, chini ya kile kikomo cha miligramu 1.5, na adui mkubwa wa meno ya wanao huko Kisumu ni sukari. Floridi ikigusa jino lililokwisha kuota, kwa kiasi kidogo, hulikaza tabaka lake la nje lisiliwe na asidi inayotengenezwa na bakteria wa mdomoni.

Elimu hii yenyewe ilianzia kwa watoto waliokuwa na meno kama ya wapwa zako. Mwaka wa 1901 daktari kijana wa meno aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia ambayo hakuna aliyejua sababu yake. Aliitafuta kwa miaka thelathini. Katika mji wa Oakley, jimbo la Idaho, wazazi walimweleza kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya mbali. McKay akawashauri waliache bomba hilo watumie chemchemi nyingine, na watoto waliofuata wakaota meno safi. Alijua kwamba ni maji, lakini hakujua ni kitu gani ndani ya maji. Jibu lilitoka kiwandani. Kampuni ya alumini ya ALCOA ilikuwa imechoshwa na uvumi kwamba sufuria za alumini ni sumu, na iliposikia kwamba meno ya watoto yana madoa katika mji wake wa machimbo uitwao Bauxite, mkemia wake mkuu, H. V. Churchill, aliyapima maji hayo mwaka wa 1931 na kukuta floridi nyingi ajabu. Baadaye watafiti wa serikali wakathibitisha jambo ambalo McKay alikuwa ameligusia, kwamba meno hayo yenye madoa hayaozi kwa urahisi, na mwaka wa 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza kutia floridi kidogo katika maji yake kwa makusudi.

Kwa hiyo kinachokulinda Kisumu na kinachomdhuru mpwa wako Nakuru ni kitu kimoja. Tofauti ni kiasi, na umri wa anayekimeza. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe dawa ya meno isiyozidi punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita isiyozidi punje ya njegere. Msimamie mpaka ateme. Dada yako aufuate utaratibu huo huo kwa uangalifu zaidi, kwa maana wanawe wanameza floridi ya kutosha tayari.

Swali: *Nina miaka 24, nimezaliwa na kukulia Rongai, kaunti ya Nakuru. Nilisomea huduma za hoteli Kisumu, na huko wenzangu walidhani natafuna miraa. Mwezi uliopita nilipoomba kazi katika hoteli moja, niliambiwa wazi kwamba mimi sifai kuhudumia wageni "kwa meno hayo". Kuna mtu sokoni anayepaka maji fulani na meno huwa meupe papo hapo. Nimwendee?* — Kijana wa Rongai

Jibu: Usimwendee, kaka. Maji yanayofanya jino liwe jeupe papo hapo mikononi mwa mtu asiye na mafunzo kwa kawaida ni asidi, na asidi hiyo humenya tabaka la nje ambalo kwako tayari ni dhaifu. Litang'aa wiki chache, kisha litaanza kuuma kila unapokunywa kitu baridi au moto, na madoa yatarudi. Usisugue pia kwa mchanga, majivu wala ndimu.

Daktari wa meno aliyesajiliwa ana njia kadhaa, na huchagua kwa kutazama doa limezama kiasi gani. Doa la juu juu huweza kupunguzwa kwa kusagwa kidogo sana au kwa dawa ya kung'arisha inayopimwa. Lililozama hufunikwa kwa resini yenye rangi ya jino, na jino lililomomonyoka huvalishwa kofia. Anza na njia nyepesi, na kabla hujafungua mdomo uliza bei ya ziara zote kwa jumla, kwa sababu resini huhitaji kukarabatiwa baada ya miaka. Idara ya meno ya hospitali ya rufaa ya kaunti ni mahali pazuri pa kuanzia, hata kama ni kwa ushauri tu.

Kuhusu kauli uliyoambiwa, imetuuma. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa aina yoyote, na hali ya afya imetajwa humo kwa jina. Meno yako hayaambukizi, hayaonyeshi uchafu, hayazuii mtu kubeba sinia wala kumkaribisha mgeni kwa heshima. Unaweza kumwandikia mwajiri huyo barua ya adabu ukitaja kifungu hicho na kuomba sababu kwa maandishi. Huenda asijibu, lakini atakayefuata baada yako huenda akatendewa vizuri zaidi.

Tunaongeza neno kwa wale wanaoajiri. Jamii ndiyo inayoamua mdomo upi ni mzuri, na uamuzi huo hubadilika. Huko huko Kisumu bado wapo wazee wa Kijaluo walioong'olewa meno sita ya mbele ya chini katika ujana wao; bila alama hiyo mtu hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili, na mwenye meno yote ndiye aliyechekwa. Desturi hiyo imekoma, na wajukuu wao leo hulipia meno yanyooshwe kwa nyaya. Kumhukumu kijana wa Rongai kwa maji aliyonyweshwa akiwa na miaka miwili hakuna msingi, wala katika sayansi wala katika mila zetu.

Swali: *Nina kisima kirefu na kibanda cha maji eneo la Pipeline, Nakuru. Ninauza kwa mtungi wa lita 20, na nina boza moja la kupelekea wateja wa mbali. Watu wameanza kuniuliza habari ya floridi. Fundi mmoja anataka kuniuzia mtambo wa mkaa wa mifupa, mwingine mtambo wa utando. Baadhi ya wateja wangu Waislamu wanauliza ni mifupa ya mnyama gani. Ninunue upi, na niwaambie nini?* — Muuza maji, Nakuru

Jibu: Usinunue chochote kabla hujapima, kwa sababu huenda kisima chako hakihitaji mtambo. Chukua maji katika chupa safi ya plastiki, si ya kioo, uyapeleke kwenye maabara iliyoidhinishwa, na uombe matokeo ya floridi kwa maandishi, katika miligramu kwa lita. Rudia kipimo msimu wa kiangazi na msimu wa mvua. Kikiwa chini ya 1.5, huna cha kuchuja. Kikipita kidogo, kuchanganya kunaweza kutosha: maji ya miligramu 3 yakichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua hushuka hadi karibu 1.5.

Kikiwa juu zaidi, mkaa wa mifupa ni njia iliyojaribiwa hapa hapa. Mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru umekuwa ukiutengeneza na kuutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha husagwa kuwa punje nyeusi za milimita moja au mbili. Mfupa una madini ya aina moja na yale ya jino, na floridi inayopita huyashika kama ambavyo ingeshika jino la mtoto. Mshike fundi wako mkono na umwambie akuonyeshe punje zenyewe. Zikiwa za kahawia na zenye harufu, hazikuiva na maji yatanuka. Zikiwa nyeupe kama majivu, ziliungua kupita kiasi na nguvu yake imepungua.

Udhaifu wa mkaa ni kwamba hujaa. Siku ukijaa, maji huendelea kutoka maangavu na matamu, na floridi hupita yote bila mtu kujua. Mashine inayosahauliwa ni mbaya kuliko kukosa mashine, kwa sababu mteja anaamini na anamkorogea mtoto uji. Kwa hiyo fundi asiyekueleza ni baada ya lita ngapi mkaa utabadilishwa, na asiyekubali kurudi kupima, mwambie ahsante na umwache aende. Mtambo wa utando husukuma maji kwa nguvu ya umeme yapenye utando wenye vitundu vidogo mno, na huondoa floridi vizuri sana, lakini hutumia stima nyingi na hutupa sehemu ya maji ikiwa na floridi iliyokolea zaidi. Hayo usiyauze wala usiyamwage kwenye shamba la mboga.

Wateja wako Waislamu wameuliza swali la haki, na jibu lake ni kuwaambia ukweli mtupu. Mtake mwenye tanuri akueleze kwa maandishi mifupa imetoka machinjio gani na ni ya mnyama gani, uibandike karatasi hiyo pale wanapoiona, na uwaombe wamwulize imamu wao. Wapo pia Wahindu na wengine wasiotumia kitu kitokanacho na ng'ombe. Kwao mtambo wa utando, au maji ya mvua, ndiyo njia, na kama wateja wa namna hiyo ni wengi mtaani kwako, hilo pekee linaweza kukuamulia mtambo wa kununua.

Usiyachuje maji yote. Weka mifereji miwili: mmoja wa maji yaliyochujwa, ya kunywa na kupikia, na mwingine wa maji ya kisima ya kufulia kwa bei yako ya sasa. Mama wa watoto wadogo anaweza kumudu mtungi mmoja wa bei ya juu akichukua mitatu ya bei ya chini. Akilazimishwa kulipia yote ghali, ataenda kwa jirani yako asiyepima. Ukitaka kuyatia chupani na kuyafunga, hapo utahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kwa mitungi, andika ubaoni juu ya mfereji kiwango cha floridi na tarehe ya kipimo cha mwisho, na uyaandike hayo hayo kwenye risiti ya boza.